Sauti ya Diwani, Kidole Changu

Asubuhi ile niliondoka Buswelu, pembezoni mwa Mwanza, na begi la mgongoni, chaja, mswaki na shati moja la akiba. Sikujua ninakwenda wapi. Nilichojua ni mahali ambapo sikutaka kuwepo itakapofika saa nne: kituo cha polisi, mbele ya afande aliyenipigia simu jana yake na kuniuliza kwa upole kabisa, "Wewe ndiye mmiliki wa blogu ya mheshimiwa diwani?"

Nilimjibu kwamba blogu ya diwani ni ya diwani.

"Diwani anasema hana blogu," akasema. "Anasema kuna kijana mmoja anampenda sana, anaandika kwa jina lake. Namba iliyotumika kufungua blogu imesajiliwa kwako. Njoo kesho saa nne na kitambulisho. Ni mazungumzo tu."

Nimehamahama vya kutosha kujua kwamba mazungumzo yanayohitaji kitambulisho si mazungumzo.

Kuondoka bila mpango halikuwa jambo geni kwangu. Shule niliiacha kidato cha pili. Ada ilikuwepo na akili haikuwa mbaya, ila nilikuwa siwezi kukaa. Lori likipita barabarani nilitaka kujua limebeba nini na linaishia wapi. Nimekuwa utingo wa malori ya pamba, nimechimba mitaro Buhongwa, nimelinda duka la vipuri, nimepaka rangi mitumbwi. Kila nilipofika nilisoma kilichobandikwa ukutani: viwanja vinavyouzwa, misiba, minada, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari za watu wengine. Kuandika nilijifunza huko, kwenye kuta.

Na kuandika ndiko kulikonipeleka kwa diwani. Kalavati la njia ya kushukia mwaloni, ufukwe wa ziwa wanakoshushia samaki, lilikuwa limepasuka, na siku moja pikipiki ikazama humo hadi kwenye taa. Nikapiga picha, nikaandika aya tatu kwenye kundi la WhatsApp la kata. Jioni yake diwani mwenyewe akanipigia. Nilitegemea matusi. Akacheka.

"Kijana," akasema, "kuliko uniandike, niandikie."

Sentensi ile ilinivutia. Hata leo naiona nzuri. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyefanya biashara ya ng'ombe kabla ya siasa, na aliongea na kila mtu kana kwamba wanakaribia kukubaliana bei. Tukafungua blogu kwenye kivuli chembamba cha gari lake, yeye amekaa ndani na mlango wazi, mimi nimesimama nje. Ilipotakiwa namba ya simu, akasema yake ina mambo mengi. "Weka yako, tutabadilisha baadaye." Laini yangu, kama za watu wote, nilikuwa nimeisajili kwa alama ya kidole. Kibali cha kuendesha blogu akasema atakifuatilia yeye, anawafahamu watu. Mimi ninayeuliza hata yasiyonihusu, hilo sikuliuliza tena.

Kazi ilikuwa hivi. Yeye alinitumia ujumbe wa sauti akiwa njiani, upepo wa dirisha ukivuma juu ya maneno yake, na mimi niligeuza sauti ile kuwa maandishi yanayoanza na "Mimi mtumishi wenu." Yeye ni Msukuma, na mimi ni Msukuma upande wa mama. Nyumbani kwetu r na l zilikula sahani moja. Shule ya msingi mwalimu alitusimamisha mstari tukarudia "lori refu la rangi" mpaka machozi. Mimi nilipona kwa kusoma, diwani hakupona. Kwake barabara ilikuwa balabala, kero ilikuwa kelo, na siku akitaka kuonyesha kwamba anaijua r, maendeleo yaligeuka maendereo. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kwa kila ujumbe ilikuwa kuzirudisha r na l makwao.

Niliifanya vizuri. Nilikaa vibandani nikisikia watu wakisema, "Diwani wetu siku hizi ana Kiswahili!" na nikanywa chai yangu kimya, nimejaa. Kwa miezi mingi niliishi ndani ya "mimi" ya mtu mwingine, na ilikuwa nyumba nzuri kuliko niliyopanga Buswelu.

Sasa nieleze habari za yule ninayemwita mama.

Nilipofika mjini mara ya kwanza nililala mwaloni, pembeni ya chanja, zile meza za nyavu ambazo kina mama huanikia dagaa. Asubuhi nikaamshwa na mwanamke mwenye kanga kiunoni na fagio mkononi, ambaye baadaye nilijua ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakaushaji.

"Wewe huna kwenu?" akauliza.

"Ninako, mama."

"Mbali?"

"Mbali."

"Basi leo kwenu ni hapa. Fukuza hao ndege."

Nikafukuza yangeyange na kunguru wiki tatu. Alinilisha ugali wake, alinicheka kwa kushindwa kupiga fagio, akaniita mwanangu kabla hajajua jina langu. Nilipohama pale sikuacha kumsalimia. Hakujua kwamba ninamwandikia diwani. Karibu hakuna aliyejua. Hilo ndilo lilikuwa sharti.

Halafu likaja suala la chanja. Ilisemekana eneo la kuanikia linatakiwa ligeuzwe maegesho ya magari ya samaki, na kina mama wahamie juu, kwenye mawe, ambako hata mjusi hapati pa kutandika mkeka. Kikundi kikakataa. Mama ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara akamwuliza diwani, "Mheshimiwa, dagaa utakuja kuwabeba wewe kichwani?" Watu wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo zikaanza tetesi kwamba atachukua fomu, atagombea udiwani kwenye kura za maoni za chama.

Ijumaa moja diwani akanitumia ujumbe wa sauti. Ni sekunde thelathini na kitu. Nimeusikiliza mara nyingi kiasi kwamba najua mahali honi inapolia. Anasema suala la chanja linakuzwa bure. Anasema yule mama hana uchungu na wanachama wake. Kisha anasema ninachokiandika hapa bila herufi moja, kwa sababu ndivyo kinavyosikika: "Anatafuta ku-a tu. Kina mama wamjue."

Kura au kula. Ulimi wa diwani ulipita katikati, haukugusa huku wala kule.

Kama ni kura, si kosa. Anayetafuta kura ni mwanasiasa, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja. Kama ni kula, basi ni mwizi, anakula jasho la wenzake. Herufi moja ilitenganisha mgombea na mwizi. Ningeweza kumpigia simu. Bando nilikuwa nalo, salio nilikuwa nalo. Nilikuwa nimekaa nje ya duka la dawa, kwenye benchi, hakuna aliyenikimbiza.

Niliandika kura kwanza. Hili nalikumbuka vizuri kuliko mambo mengi. Niliandika "anatafuta kura tu," nikaitazama ile sentensi, ikanitazama, imelala kama samaki wa juzi. Nikafuta r. Nikaweka l. Sentensi ikachangamka. Nikabonyeza.

Hadi jioni ilikuwa imezunguka makundi yote ya kata na kuvuka kwenda kata nyingine. Diwani akanipigia kwa furaha.

"Umeipiga hapo hapo, kijana!"

"Mheshimiwa," nikamwuliza, "ulisema kura au kula?"

Nilizitamka polepole, kama mbele ya mwalimu.

"Si ndiyo hiyo hiyo!" akasema, akacheka, akakata.

Mpaka leo sijui alichokuwa anasema. Sijui kama yeye mwenyewe alijua.

Mwaloni watu husalimiana kwa kuulizana kama mtu amekula. Ni salamu tu, haina maana zaidi ya kwamba nimekuona. Wiki ile ikawa mkuki. "Mwenyekiti, umekula?" wavuvi walimwuliza wakipita na ndoo, na nyuma yao mtu akajibu, "Amekula na kusaza!" Kina mama wenzake, waliokuwa wakifunga vitenge kwa mfano wake, wakaanza kunong'ona. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya kikundi, mnamowekwa magunia ya dagaa waliokauka. Wakaitisha kikao, wakamwomba aukabidhi "mpaka mambo yaeleweke." Akaukabidhi. Miaka yote aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya nyavu. Niliambiwa kwamba alishindwa kuifungua kamba, ikabidi wamkatie.

Jumapili alasiri akaja Buswelu. Alikuwa amepanda mlima wote ule na mfuko wa dagaa mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kitu nikalie."

Nikampa kiti changu pekee, mimi nikageuza ndoo. Akatoa simu yake, akanionyesha blogu niliyoiandika.

"Isome kwa sauti," akasema. "Wananisomea kila mtu kwa namna yake."

Nikaisoma. Nilipofika kwenye lile neno nililiruka, akadhani ni huruma.

"Mimi nimekula nini?" akaniuliza. "Niambie wewe, ulikaa kwangu. Umewahi kuniona nimekula nini cha mtu?"

"Hujala, mama."

"Basi niandikie. Wewe unajua kuandika. Nataka nipeleke kwa mtendaji wa kata na polisi. Atafutwe aliyeandika, aje aseme mbele za watu nimekula nini. Diwani mwenyewe hawezi kuandika hivi, nimemfahamu tangu anauza ng'ombe. Hata jina lake anaandika kwa shida. Kuna mtu."

"Kuna mtu," nikasema.

"Huyo mtu namtaka."

Nikachukua karatasi. Nilijiambia nitamweleza nikimaliza aya ya kwanza. Kisha nikajiambia nikimaliza ya pili. Niliandika malalamiko yake kwa umakini ambao sijawahi kuupa chapisho lolote la diwani. Kila r ilikuwa mahali pake. Niliandika kwamba mlalamikaji amechafuliwa jina na mtu asiyejulikana, na kwamba anaomba mtu huyo atafutwe kupitia namba iliyotumika kusajili blogu. Sehemu hiyo ya namba niliiongeza mimi. Yeye hakuijua. Sijui kwa nini niliiongeza. Labda kuna sehemu ya mtu inayotaka kukamatwa, na labda ni kwamba nilitaka tu barua iwe nzuri.

Akaisikiliza nilipomsomea, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo umeandika," akasema. Akaniachia dagaa.

Siku nne baadaye ndipo afande alipopiga.

Nilimpigia diwani mara nyingi usiku ule, hakupokea. Baadaye ukaja ujumbe mmoja wa maandishi, wa kwanza kuniandikia kwa mkono wake: "Kijana tuliya. Usinitaje. Ntakuludia." Nikautazama muda mrefu. Hapakuwa na mtu wa kumsahihishia.

Basi asubuhi hiyo nikatoka. Nilishuka mjini bila kufikiri, miguu ikanipeleka kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, kwa sababu kilikuwa kinapakia na kinachopakia hakiulizi sababu. Nikasimama nyuma karibu na lori la saruji. Mji ulianza kurudi nyuma na mawe yake, nyumba zimeng'ang'ania juu yake kama kupe. Nilitazama saa kwenye simu. Saa nne kasorobo. Nikawaza kuitupa laini ziwani. Lakini kidole kingebaki.

Saa nne na dakika chache simu ikaita. Alikuwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, uko wapi? Mimi niko hapa kituoni. Wamesema mwenye blogu anakuja. Njoo ukae na mimi, hawa watu wanasoma haraka haraka na miwani nimeisahau."

"Mama, hatakuja."

"Wamesema anakuja."

"Mwenye blogu ni mimi."

Kivuko kikapiga honi. Akasema, "Sema tena, sikusikii."

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua uliandika wewe, si ulikuwa umekaa kwenye ndoo mbele yangu?"

"Si barua, mama. Ile nyingine. Ya diwani."

Nyuma yake nilisikia mtu akiitwa jina, na mlango ukibamizwa. Nilimsikia mama akivuta pumzi kama anayetua mzigo.

"Ulisikia vibaya," akasema. Hakuuliza. Aliyasema maneno hayo kama mtu anayemsogezea mgeni kigoda. "Ninyi Wasukuma na r zenu. Alikuambia kwa mdomo, akasema kura, wewe ukasikia vingine. Si ndivyo? Sema ulisikia vibaya, nimwambie afande."

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa kubwa kama ziwa lenyewe.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilisikia vibaya."

"Haya," akasema, na simu ikakatika. Sijui kama aliikata yeye au ni mtandao.

Kamanga nilikuwa nimepita mara nyingi na sijawahi kusimama. Dereva wa lori la saruji akanikubalia nikae naye mpaka Sengerema, kwa sharti nimsaidie kushusha. Nikashusha mifuko arobaini na sikuhisi chochote. Mchana nikawa natembea barabara nisiyoifahamu, nimejaa vumbi la saruji hadi kwenye kope, nikitafuta gesti.

Niliyoipata ilikuwa na ua la saruji, vyumba sita na mhudumu aliyevaa miwani, mwanamke wa umri wangu hivi, akisoma kitabu kilichovuliwa jalada. Lafudhi yake ilikuwa ya Bukoba.

"Umetoka kiwandani au kaburini?" akaniuliza.

"Kwenye lori."

"Oga kwanza, ndipo nikuandikishe. Hivi hata picha ya kitambulisho haitafanana."

Nilipotoka kuoga alikuwa ameweka daftari la wageni mezani, lile lenye safu za jina, kazi, atokako na aendako. Nikaandika jina langu la kweli. Kalamu ikasimama kwenye kazi. Nikamwomba kitu ambacho sikupanga kumwomba.

"Dada, nikusikilizishe kitu? Uniambie huyu mtu anasema nini."

"Ninyi mnaotoka Mwanza mna mambo," akasema, lakini akafunga kitabu. Nikamchezea ujumbe wa diwani. Akainamisha sikio.

"Anatafuta kula tu," akasema. Kisha akakunja uso. "Rudia. Hapana. Kura. Anatafuta kura." Akasikiliza mara ya tatu. "Huyu haeleweki. Kwani aliyeambiwa alisikia nini?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Afande aliuliza namba. Mama alinipa jibu kabla ya swali. Mtu mgeni kabisa, kidole chake kikiwa bado katikati ya kurasa za kitabu, ndiye aliyeuliza.

"Hakusikia," nikasema. "Alichagua."

Akanitazama juu ya miwani, akanipa ufunguo wa namba nne.

Nikakaa kitandani. Blogu ilikuwa bado inafunguka. Nywila niliijua mimi peke yangu. Nikaanza na neno "mimi," nikalifuta. Katika blogu ile neno hilo lilikuwa la mtu mwingine, lilikuwa na tumbo lake na kicheko chake. Nikajaribu kuanza na "mwandishi wa blogu hii," ikasikika kama tangazo la mnada. Mwishowe nikarudi kwenye "mimi" na nikaweka jina langu pembeni yake, majina yote matatu, ili lisiende tena kwa mtu mwingine.

Niliandika kwamba neno lile sikulisikia vibaya. Kwamba sikulisikia kabisa, ningeweza kuuliza, na niliandika r nikaifuta kwa mkono wangu. Kwamba mama yule hajala kitu cha mtu, na ninajua kwa sababu mimi ndiye niliyekula kwake. Nikauweka na ule ujumbe wa sauti. Mwenye masikio na asikie atakachosikia, nilijua haunisaidii. Nikabonyeza kabla sentensi hazijaanza kuchangamka.

Dakika chache baadaye simu ikaanza kuita. Jina la diwani lilikuja, likapotea, likarudi. Nilimngoja mama apige. Hakupiga. Sina haki ya kusema nilitegemea.

Nikatoka nje kumalizia daftari. Kwenye kazi nikachora mstari. Kwenye atokako nikaandika Mwanza. Kwenye aendako nikaandika Mwanza.

Mhudumu akaligeuza daftari akasoma. "Si ndiko ulikotoka?"

"Ndiko."

"Lini?"

"Kesho. Kivuko cha kwanza."

Akalifunga daftari, akalirudisha kwenye droo, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia. Nadhani nilionekana mbaya, maana sauti yake ililegea.

"Lakini kaka," akasema, "umekula?"

Aliuliza tu, kama watu wanavyouliza. Nilishika ukingo wa meza, nikamjibu, "Bado, dada."